King Enoch: Ticha wa Sikinde Aliyeweka Gita Chini Akashika Saksafoni

Kama umekulia Eastlando, iwe ni Kaloleni, Makongeni, Jericho ama huko Umoja, kuna ngoma unazijua na hukuwahi kuamua kuzijua. Jumapili mchana buda amefungulia redio, dirisha iko wazi, ploti nzima inaskia. "Neema". "Nalala kwa Tabu". Wewe uko nje unacheza tapo na zile ngoma zinakuingia tu.

Waimbaji pengine unawajua. Sasa niambie, wale wasee wanapuliza saksafoni na tarumbeta hapo katikati, unamjua hata mmoja? Leo nakupea mmoja. Anaitwa Michael Enoch. Dar walimwita King Enoch, na wengine wakamwita Ticha tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jazz. Usifikirie John Coltrane. Hapa kwetu kitambo, jazz ilikuwa jina la bendi ya dansi yenye magita na mapembe, na ngoma yenyewe ilikuwa rumba iliyotoka kwa sahani za Cuba na baadaye Kongo. Ndio maana Tanzania kulikuwa na Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Lakini Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa mzae wao, ilianza 1932. Enoch aling'aa hapo miaka ya sitini, na hakuwa mtu wa saksafoni. Alikuwa anapiga gita la solo.

Na mpiga solo wa enzi hizo si mtu mdogo. Muimbaji akinyamaza, macho yote ya ukumbi yako kwa vidole vyako. Jina la King halikuokotwa kwa barabara.

Baadaye akaingia Dar International, bendi ya akina Marijani Rajabu. Halafu 1978 shirika la serikali la usafiri na teksi, TTTS, likataka bendi yake. Usishangae. Tanzania ya Nyerere mashirika yalikuwa na bendi vile kampuni za hapa zilikuwa na timu za kandanda. Shirika ndilo linanunua vyombo, wewe unapewa mshahara. Kundi la wanamuziki likatoka Dar International likaunda Mlimani Park Orchestra. Ndani ya Mlimani kulikuwa na Muhiddin Maalim Gurumo, Cosmas Thobias Chidumule, Abel Baltazar, na Enoch mwenyewe. Mtindo wao ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Na hapa ndipo mimi humheshimu huyu mzee kabisa. Kwa Mlimani, King wa gita alishika saksafoni, ile alto, Joseph Bernard akapuliza tenor. Wabongo huiita domo la bata, na ukiiangalia vizuri si uongo. Fikiria hiyo. Umeshajulikana kwa chombo kimoja, umepewa hata cheo cha ufalme, halafu unakaa kwa laini ya nyuma na wapuliza tarumbeta ndio vijana wapige magita. Ni wangapi wangekubali? Mimi najua maDJ wa mtaa hawawezi achia mtu mashini hata dakika tano.

Lakini hapo nyuma ndipo kazi ilikuwa. Skiza vile ngoma ya Sikinde imejengwa. Mwanzo ni polepole, hadithi inasimuliwa, na kila muimbaji akimaliza mstari mapembe yanamjibu kama jirani anayeitikia salamu. Halafu kunakuja chemko, magita yanakimbizana na saksafoni inarudia kipande kifupi tena na tena hadi huwezi kukaa. Hiyo haitokei kwa bahati. Lazima mtu awaambie kumi na kitu nani anaingia saa ngapi na nani anyamaze. Mtu huyo alikuwa Ticha.

1983 TTTS ikaanguka, bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji la Dar, ndio ikawa DDC Mlimani Park. Halafu 1985 ikaja kichapo. Tajiri mmoja, Hugo Kisima, alikuja na doh akabeba wanamuziki sita wa maana kwa mpigo mmoja akaunda bendi yake. Gurumo alienda. Hassani Bitchuka, ile sauti nyembamba inayokufanya uvunje moyo bila demu, akaenda pia.

Enoch alibaki. Bendi bila hao waimbaji ingekuwa imedunda, lakini Ticha alikuwa na kitu Kisima hakuweza kubeba kwa gari: alijua kufunza wengine. Sauti mpya zikaja, vijana wakapangwa, Sikinde ikaendelea kupiga.

Wanamuziki wengi wa Tanzania walikuja Nairobi kutafuta studio na chapaa. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakatupea Simba Wanyika. Enoch, maisha yake ya muziki yalikuwa Dar. Alikufa miaka mingi sasa, baada ya zaidi ya miongo mitatu jukwaani.

Siku nyingine "Neema" ikipigwa kwa mathree ya Jogoo Road, mwache Chidumule aimbe. Wewe fuata lile domo la bata hapo nyuma yake.