Joan Gamper na Klabu Isiyokuwa na Tajiri

Wako watu wengi siku hizi, Mombasa, Malindi na hata Lamu, wanaoijua timu ya Barcelona kuliko wanavyozijua timu za mitaa yao wenyewe. Wanajua ni nani aliyefunga na ni nani aliyekosa. Lakini ukiwauliza barazani klabu ile ni mali ya nani, mmoja atakutajia jina la tajiri fulani, mwingine atasema ni ya serikali ya Uhispania, na wa tatu atakunywa kahawa yake anyamaze. Jibu la kweli ni kwamba klabu ile ni ya wanachama wake, watu wa kawaida wenye kadi mifukoni, wala hapana mtu anayeweza kwenda sokoni akainunua. Na habari ya jambo hilo haiwezi kuelezwa bila ya kumtaja mtu mmoja aliyefariki mwaka 1930, ambaye leo wengi hulisikia jina lake kila mwezi wa Agosti bila ya kujua alikuwa nani.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Hans Gamper. Alizaliwa Winterthur, katika nchi ya Uswisi, tarehe 22 Novemba 1877. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu naye akiwa mtoto mdogo, na baba akawahamisha wanawe kwenda kukaa Zürich. Kijana akakua akipenda michezo ya kila namna: mbio, raga, baiskeli, na zaidi ya yote kandanda. Mwaka 1896, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alikuwa miongoni mwa walioianzisha F.C. Zürich, klabu ambayo ipo mpaka leo. Kazi yake ilikuwa hesabu na biashara, na jambo hili nataka msomaji aliweke akilini, kwa sababu klabu nyingi huanzishwa na watu waujuao mpira, lakini hudumishwa na watu wajuao kuandika daftari.

Mwaka 1898 alifunga safari. Husimuliwa kwamba nia yake ilikuwa kuja huku Afrika katika shughuli za biashara ya sukari, naye akapita Barcelona kumwamkia mjomba wake aliyekuwa akikaa huko. Mji ukamshika. Alipenda bandari yake, watu wake na lugha yao ya Kikatalani, ambayo aliisoma mpaka akaimudu, akaacha kujiita Hans akajiita Joan. Sisi watu wa pwani tunawajua wageni wa namna hiyo, waliokuja kwa jahazi la msimu mmoja na wajukuu wao wakawa ndio wenyeji. Afrika hakufika.

Alipata kazi ya hesabu katika benki ya Kifaransa ya Crédit Lyonnais, na jioni akawa anatafuta wenziwe wa kucheza. Tarehe 22 Oktoba 1899 alitia tangazo katika gazeti la michezo lililoitwa Los Deportes, akiwaita wapendao mpira wajitokeze. Tarehe 29 Novemba mwaka huo watu 12 walikutana katika jumba la mazoezi la Solé: Waswisi, Waingereza na Wakatalani wenyewe, nao wakaiunda Football Club Barcelona. Gamper hakuutaka uenyekiti. Walimchagua Mswisi mwenzake, Walter Wild, naye akawa nahodha wa timu. Katika mechi 51 alizoichezea mpaka 1903 alifunga mabao zaidi ya 100. Ni kweli kwamba walinda lango wa siku zile hawakuwa kama wa leo, lakini mabao ni mabao.

Klabu ya namna ile iliendeshwa kwa ada. Kila mwanachama alilipa kiasi kidogo kila mwezi, na kwa ada ile akapata haki mbili: kuingia uwanjani na kupiga kura katika mkutano mkuu. Mkutano ndio uliochagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mkutano ndio uliosikiliza hesabu za mwaka. Faida ikipatikana haikugawanywa, bali ilirudi katika klabu. Hasara ikitokea haikuwa na pa kwenda ila kwa wanachama wale wale. Basi pesa zilipopungua katika miaka ya mwanzo, mwenyekiti wa pili, Bartomeu Terradas, alilazimika kutia mkono mfukoni mwake mwenyewe.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili tunalo hata kwetu. Timu za Mombasa zimekuwa zikiishi kwa mchango: huyu shilingi za jezi, yule nauli ya gari, fulani chai ya wachezaji. Feisal, iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ilitoka katika mji huu wa watu wa michango. Akitokea tajiri wa kulipa yote, kila mtu hushukuru, na michango husimama, kwa nini utoe na fulani yupo? Siku tajiri atakapochoka, au atakapokufa, timu itajikuta haina tajiri wala haina wachangaji. Ndiyo maana kisa cha mwaka 1908 kinanigusa kuliko vikombe vyote vya Barcelona.

Mwaka huo klabu ilikuwa hoi. Tangu 1905 ilikuwa haijachukua ubingwa wa Katalunya, wachezaji walikuwa wamekwenda zao, na wanachama walikuwa wamebaki 38 tu. Uwanja wake mwenyewe ilikuwa haina. Mkutano uliitwa tarehe 2 Desemba 1908, na shauri lililokuwa mbele yao lilikuwa kuifunga klabu. Hapana aliyeutaka uenyekiti wa maiti. Hapo ndipo Gamper, aliyekuwa na miaka 31, aliposimama akaubeba yeye. Tajiri wa kuwaokoa hakumtafuta. Alichukua majina ya wanachama, wa zamani na wale waliowahi kuonyesha hamu, akaenda kwao mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba na kazini kwao, akiwaomba warudi. Hii ni kazi ya kuchosha nayo haina sifa, na mtu aliyewahi kukusanya michango ya msikiti au ya harusi anaijua ladha yake. Wanachama wakarudi, na wapya wakawafuata.

Na ada zikaleta uwanja. Mwezi wa Machi 1909 klabu ilifungua uwanja wake wa kwanza, katika mtaa wa Indústria, wenye nafasi ya watu 6,000 hivi. Ulikuwa mdogo, na siku za mechi kubwa watu walikaa juu ya ukuta, na aliyepita nje barabarani aliona safu ndefu ya migongo, na si migongo peke yake. Jina la utani ambalo wapenzi wa Barcelona wanaitwa mpaka leo limetokana na sehemu ile iliyoonekana, nami kwa adabu sitalifasiri. Kutoka uwanja ule ubingwa wa Katalunya ulirudi mwaka 1909, na Kombe la Uhispania likaja mwaka 1910, kisha 1912 na 1913.

Gamper alikuwa mwenyekiti mara 5 kati ya 1908 na 1925. Hakung'ang'ania kiti, mambo yakitengemaa alimwachia mwingine, yakiharibika walimwita. Katika kipindi chake alimtia timuni kijana Paulino Alcántara, mzaliwa wa Ufilipino, ambaye alianza akiwa na miaka 15 akawa mfungaji mkubwa wa zama zile. Lakini kubwa alilolifanya ni la mwaka 1922, nalo ni uwanja wa Les Corts. Klabu ilinunua ardhi na kujenga kwa gharama iliyokaribia peseta milioni moja, na sehemu ya pesa hizo walikopesha wapenzi wa klabu wenyewe. Yaani mwanachama alilipa ada, akalipa tena mkopo, na uwanja ulipofunguliwa tarehe 20 Mei 1922 aliingia kama mwenye nyumba. Wakati huo sheria ya mpira ya Uhispania ilikuwa bado haijaruhusu rasmi wachezaji kulipwa, jambo ambalo lilikuja mwaka 1926, kwa hiyo pesa ziliweza kwenda katika ardhi na saruji. Klabu ilipotimiza miaka 25, mwaka 1924, wanachama walikuwa wamepita 10,000. Kumbuka walikuwa 38.

Watu wetu wanao mfano wa mali isiyouzwa wala isiyorithiwa, nao ni wakfu. Siwezi kuufananisha mpira na jambo linalofanywa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, lakini kwa upande wa uendeshaji, Gamper alikuwa kama mtawalii: ana mamlaka juu ya kila kitu na hana chake hata tofali moja. Na mtawalii aweza kuondolewa.

Septemba 1923 Jenerali Primo de Rivera alikuwa ameinyakua serikali, na mambo ya Kikatalani, bendera yao na lugha yao, yakawa yanapigwa vita. Tarehe 14 Juni 1925 kulikuwa na mechi Les Corts ya kuiheshimu kwaya mashuhuri ya mji, na bendi ya wanamaji wa Kiingereza, ambao meli yao ilikuwa bandarini, ikaalikwa kupiga muziki. Ilipoupiga wimbo wa taifa wa Uhispania, uwanja mzima ukauzomea. Ilipoupiga wa Uingereza, watu wakapiga makofi. Serikali iliona imetukanwa. Uwanja ukafungwa kwa amri ya miezi 6, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa, na Gamper akalazimishwa kuacha uenyekiti na kuondoka nchini. Aliporuhusiwa kurudi Barcelona, alirudi kwa sharti la kutojihusisha tena na klabu.

Hebu mfikirie mtu huyu. Nchi aliyozaliwa aliiacha, jina alilopewa alilibadili, na miaka 25 aliitia katika jambo moja. Kama klabu ingalikuwa mali yake, angaliweza kuiuza au kuwaachia watoto wake, na labda kudai fidia. Hakuwa na cha kudai. Mali yake binafsi aliiweka katika hisa, na hisa zilipoporomoka duniani mwishoni mwa 1929, ikapotea. Huzuni ilimwelemea, na tarehe 30 Julai 1930 alijitoa uhai mjini Barcelona. Dini yetu imesema wazi juu ya kitendo hicho, na hukumu ya mja iko kwa Mola wake, nami sina la kuongeza. Mji ulitoka kwa wingi kumsindikiza kaburini.

Klabu haikufa naye, na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kuijenga vile. Mwenyekiti wake Josep Sunyol aliuawa na majeshi ya Franco mwaka 1936, na kwa miaka mingi watawala waliingiza mkono katika kuweka viongozi wa klabu, lakini mwaka 1978 wanachama walipiga kura kwa uhuru tena. Sheria ya michezo ya 1990 ilipozilazimisha klabu za Uhispania zigeuke kuwa makampuni ya hisa, ni klabu 4 tu zilizoachwa mikononi mwa wanachama kwa kuwa hesabu zao zilikuwa sawa: Barcelona, Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna. Sheria hiyo hiyo iliwataka wakurugenzi wa klabu kama hizo waweke dhamana ya mali yao wenyewe, asilimia 15 ya bajeti. Nadhani ilikuwa busara, kwa maana rahisi ni kutumia pesa za watu 100,000 usiowajua nyuso.

Isidhaniwe kwamba kura huzuia deni. Mwezi wa Agosti 2021 mwenyekiti Joan Laporta alitangaza kwamba madeni ya Barcelona yamefika euro milioni 1,350, na mwezi huo huo Messi akaondoka. Viongozi walioyapanda madeni hayo walikuwa wamechaguliwa kihalali na wenye kadi. Huko Dar es Salaam nako, Simba na Yanga zilipoanza kuzungumza habari za wawekezaji na hisa, hoja iliyowashughulisha wanachama ilikuwa hii ya asilimia 51: nani atabaki na neno la mwisho.

Les Corts ulikuja kuwa mdogo, na mwaka 1957 klabu ilihamia uwanja mpya uliogharimu peseta milioni 288, ikabaki na deni zito kwa miaka. Dawa ya deni lile ilikuwa ardhi ya Les Corts yenyewe, ile waliyoinunua zamani za Gamper. Mwaka 1966 uwanja wa zamani ulibomolewa, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo klabu ikaanzisha shindano la kufungulia msimu, ikaliita Kombe la Joan Gamper.