Johannes Rebmann na Theluji ya Ikweta

Historia ya fikra hufundisha kwamba Ulaya iligeuka kati ya karne ya 16 na ya 18. Galileo aliielekeza darubini yake angani mwaka 1609. Francis Bacon akawataka wasomi waanze na vitu vyenyewe kabla ya vitabu vya wahenga. Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyoundwa mwaka 1660, ikajiwekea kanuni ya kutolipokea neno la mtu yeyote pasipo ushahidi. Mafundisho hayo ni sahihi, ila humwachia msomaji picha ya ushindi uliokwisha kukamilika. Ilipofika mwaka 1849, miaka 240 baada ya darubini ya Galileo, mmisionari mmoja aliyekaa katika vilima vya Rabai, bara ya Changamwe, alitangaziwa na msomi wa London kwamba alichokiona kwa macho yake hakikuwapo, kwa kuwa hakikupatana na vitabu.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika ufalme wa Württemberg, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha Islington, London, katika chuo cha shirika la kimisionari la CMS. Aliwasili Mombasa mwezi Juni 1846 kumsaidia Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amempoteza mkewe Rosine na binti yao mchanga, na kumzika mkewe upande wa bara, pwani ya Kisauni. Mwezi Agosti mwaka huohuo wawili hao walihamia Rabai, wote wakiwa na homa kali. Mahali pale palikuwa juu ya mkono wa bahari uingiao bara kutoka Mombasa, penye upepo mwema na pia njia ya misafara ya pembe iliyoelekea Taita na Uchaga. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Rebmann hakuwa mtu wa ndoto kubwa. Alikuwa mpole, mwenye subira iliyokaribia ukaidi, na tabia hiyo ndiyo iliyoamua mambo yaliyofuata.

Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka kwenda Uchaga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia hizo. Silaha yake ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, wakiwa wameipita milima ya Taita, aliona juu ya mlima mkubwa kitu cheupe alichokidhania kwanza kuwa wingu. Alimwuliza kiongozi wake. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: baridi.

Jibu hilo linastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa Kiswahili. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la kitu asichowahi kukigusa, kwa hiyo alikiita kwa sifa iliyowafikia waliokikaribia. Rebmann alikulia katika nchi ya theluji, akaziba pengo hilo mara moja. Hata hivyo hakuishia kwenye kuona. Katika safari zake mbili zilizofuata, za mwishoni mwa 1848 na mwaka 1849, aliwahoji Wachaga wenyewe, akakuta kwamba wao walikuwa na jina la kitu hicho, Kibo, na walijua vyema kuwa kikishushwa chini hugeuka maji. Alisimuliwa pia habari za watu waliotumwa zamani na mtawala wa Machame kwenda kuuchunguza weupe huo, na za aliyenusurika akiwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Basi taarifa iliyofika Ulaya ilisimama juu ya nguzo tatu: jicho la Rebmann, neno la Bwana Kheri na elimu ya Wachaga. Vitabu vingi vya shule hutaja nguzo ya kwanza peke yake, na kusema kwamba mlima uligunduliwa.

Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la CMS. Mwezi Desemba mwaka huohuo Krapf naye, akiwa Kitui, aliiona theluji ya Mlima Kenya. Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika ya Mashariki. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amezisoma taarifa za Wareno na za Waarabu, na hata Kiswahili alijifunza kiasi kwa kumhoji Mswahili aliyefika Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliikana theluji hiyo na kudai kwamba Rebmann aliona kwa fikra yake zaidi kuliko kwa macho yake.

Ajabu ni kwamba sayansi ya wakati ule ilikuwa upande wa Rebmann. Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda mlima Chimborazo, karibu kabisa na ikweta, mwaka 1802, na kueleza jinsi joto linavyopungua kadiri mtu anavyopanda. Milima mirefu ya Amerika ya Kusini yenye theluji ilikwisha kupimwa na Wafaransa katika karne ya 18. Hapakuwa na kanuni yoyote ya kimaumbile iliyoizuia Afrika kuwa na theluji. Kilichoizuia ni mazoea ya kuamini kwamba Afrika imekwisha kujulikana kutoka maktabani, na kwamba mmisionari maskini, pamoja na wapagazi wake, si mashahidi wa kutosha.

Lakini haifai kumfanya Rebmann malaika wa mantiki. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za wafanyabiashara wa njia mbalimbali za bara, na kwa kuwa kila njia iliishia kwenye maji makubwa, wakakata shauri kwamba maji hayo ni ziwa moja. Ramani yao ilitolewa Ujerumani mwaka 1855 na kufika London mwaka 1856, ikiwa na ziwa kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba. Hapa walikosea kwa namna ileile ya Cooley, ambaye naye alichora ziwa moja. Wasafiri walisema kweli. Waliounganisha habari zao mezani ndio walioteleza. Hata hivyo kosa hilo lilizaa matunda, kwa kuwa lilichangia kupelekwa kwa Richard Burton na John Speke, waliofika kwa Rebmann mwanzoni mwa 1857 na baadaye kuonyesha kwamba Tanganyika na Nyanza ni maziwa mbalimbali.

Baada ya safari za Uchaga, Rebmann hakusafiri tena mbali barani. Alimwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza, huko Misri mwaka 1851, akarudi naye Rabai na kujitia katika kazi ya msamiati. Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinyika (kama lugha za Wamijikenda zilivyoitwa wakati huo) na ya Kinyassa. Lugha hii ya mwisho alifundishwa na Salimini, mtu wa pande za Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani utumwani. Kwa njia hiyo kamusi ya lugha ya Malawi ilianza kuandikwa Rabai, kutoka kinywani mwa mtu aliyeporwa kwao. Rebmann alilichunguza kila neno kama alivyouchunguza mlima, akauliza na kuuliza tena, na hakukubali kazi ichapishwe kabla ya kuridhika. Waumini wake walikuwa wachache sana, na mkewe alifariki mwaka 1866. Yeye alibaki.

Macho yaliyokuwa kiini cha ubishi wa London yalianza kufifia, hatimaye akawa kipofu. CMS ilipoanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Kisauni mwaka 1875, mahali palipoitwa Freretown, wageni walimkuta mzee huyo Rabai akiwa na kamusi zake asizoweza tena kuzisoma. Aliondoka mwaka huohuo, akiongozwa na Isaac Nyondo, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alifariki Korntal, karibu na Krapf, tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf aliihariri kamusi ya Kinyassa ikatoka mwaka 1877. Ile ya Kinyika ilisubiri hadi 1887.

Suala la theluji lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, akarudi mwaka 1862 na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000 na kuangukiwa na theluji yenyewe. Cooley aliukana ushahidi huo pia. Alifariki mwaka 1883, miaka 6 kabla ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kusimama kileleni Kibo.