James Chuma: Mpagazi aliyeiaga Uingereza na kurudi njiani

JAMES Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850 miongoni mwa Wayao. Angali mtoto alitekwa na kutiwa katika msafara wa watumwa. Julai 1861, katika nchi iitwayo Malawi leo, Dk. David Livingstone na wamisionari aliofuatana nao walimkomboa.

Mwaka 1864 Livingstone alimvusha bahari hadi Bombay, India, akamwacha shuleni, na huko ndiko alikobatizwa jina la James. Mapema mwaka 1866 walirejea Zanzibar, wakaingia bara.

Safari hiyo ilimfikisha Unyanyembe, njia panda ya misafara. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji, na nyingine kaskazini, upande iliko Bukene, hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1872 walikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, wakisubiri wapagazi wapya.

Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Abdallah Susi na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kuelekea pwani. Oktoba mwaka huo, wakiwa Kwihara, ofisa Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Mbele ya safari, wenyeji wa Kasekera walipozuia maiti isipite, waliufunga mwili mfano wa mtumba wa vitambaa na kujifanya wameurudisha Unyanyembe. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hata hivyo, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey jijini London, Aprili 18, 1874, Chuma hakuwapo. Yeye na Susi waliwasili Uingereza baada ya mazishi, kwa gharama za James Young, rafiki wa marehemu.

Ugeni huo haukuwa wa mapumziko. Kwa miezi kadhaa walimsaidia Mchungaji Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za Livingstone, wakikumbuka njia, mito na majina ambayo wasomi wa London hawakuyajua. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliwatunuku nishani.

Oktoba 1874 Chuma aliiaga Uingereza. Alikuwa amefika huko kama mtumishi wa marehemu. Aliondoka akiwa mtu ambaye ujuzi wake ulihitajiwa na wengi.

Aliitumikia misheni ya UMCA, na mwaka 1876 akauongoza msafara uliowapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa wapagazi wapatao 150 katika msafara wa Keith Johnston. Johnston alipofariki, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alishika uongozi akimtegemea Chuma. Walifika maziwa ya Nyasa na Tanganyika, kisha mwaka 1880 wakarudi pwani kupitia Tabora, njia ile ile Chuma aliyopita na mwili wa Livingstone.

Alifariki Zanzibar mwaka 1882, umri wake ukiwa umepita kidogo tu miaka 30.