Edmond Halley: alitabiri nyota-mkia akijua hataiona ikirudi

Usiku wa tarehe 25 Disemba 1758, mkulima mmoja wa karibu na Dresden, Ujerumani, aitwaye Johann Georg Palitzsch, aliona kwa darubini yake doa hafifu la mwanga. Ilikuwa nyota-mkia iliyokuwa ikisubiriwa na wataalamu wa Ulaya. Mtu aliyesema itarudi, Edmond Halley, alikuwa kaburini karibu miaka 17.

Halley alizaliwa mwaka 1656 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji tajiri wa sabuni. Akiwa na miaka 20 aliacha masomo Oxford, akapanda meli hadi kisiwa cha St Helena, kusini mwa Atlantiki, kupima nyota ambazo hazionekani Ulaya. Mawingu yalimsumbua sana huko, lakini alirudi na orodha ya nyota 341.

Mwaka 1684 alimfuata Isaac Newton huko Cambridge kumuuliza sayari hulizunguka Jua kwa njia ya umbo gani. Newton alikuwa amekwisha kulipigia hesabu jambo hilo, ila hakulichapisha. Halley alimsukuma aandike kitabu, kikatoka mwaka 1687, na gharama za uchapaji alizitoa mfukoni mwake. Jumuiya ya wanasayansi ya London ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki. Halley, aliyekuwa karani wake, alilipwa mshahara kwa nakala za kitabu hichohicho cha samaki!

Wakati huo wengi waliogopa nyota-mkia kama dalili ya vita au tauni, na hakuna aliyejua zinakotoka. Halley alichukua kanuni za Newton akapiga hesabu ya njia za nyota-mkia 24. Akagundua kwamba ile ya mwaka 1531, ya 1607 na ya 1682, ambayo aliiona kwa macho yake, zilipita karibu njia moja. Akahitimisha kuwa ni moja tu, inayorudi kila baada ya miaka 75 au 76. Mwaka 1705 alichapisha hesabu hizo na kutaja mwaka wa kurudi kwake: 1758. Kuuona mwaka huo kungemtaka aishi miaka 102. Alifariki mwaka 1742 akiwa na miaka 85, na jina lake likabaki likisubiri kuheshimiwa au kuchekwa.

Kabla haijaonekana, Wafaransa Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Bi Nicole-Reine Lepaute walikaa miezi kadhaa wakihesabu jinsi sayari za Mshtarii na Zohali zinavyoivuta na kuichelewesha. Walisema italikaribia Jua katikati ya Aprili 1759. Ilifika Machi 13.

Mwaka 1910 ilipita umbali wa kilomita milioni 23 hivi kutoka duniani, ikang'aa sana, na wajanja wakawauzia watu waliotishika vidonge vya kujikinga nayo. Mwaka 1986 ilipita mbali zaidi, kilomita milioni 63, na wengi waliiona kwa shida.

Itarudi mwaka 2061. Lakini vumbi lake tunakutana nalo kila mwaka. Mwanzoni mwa Mei, kabla ya alfajiri, tazama mashariki penye giza. Na usiku wa manane kuelekea Oktoba 21, tazama tena. Vingi kati ya vimondo utakavyoviona ni chembe zilizoachwa na nyota-mkia ya Halley.