Saumu za Gandhi

Waliosoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi wameipita mara nyingi sanamu ya Mohandas Karamchand Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1956. Wasimulizi wa maisha yake huvutiwa na sheria aliyoisomea London na mapambano yake huko Afrika Kusini. Makala haya yanaanzia mbali zaidi, kwa mamaye, katika mji wa Porbandar, magharibi mwa India, alikozaliwa tarehe 2 Oktoba 1869.

Putlibai alikuwa Mhindu mcha Mungu. Wahindu wengi hufunga siku ya ekadashi, yaani siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo. Baadhi huacha chakula chote, wengine huacha nafaka tu, wakala matunda na maziwa. Putlibai alizidisha. Msimu mmoja wa chaturmas, miezi minne ya mvua, aliweka nadhiri ya kutokula kila siku mpaka alione jua. Watoto walikaa nje wakiyakodolea macho mawingu. Jua likichungulia, walimkimbilia kumwita. Akitoka, limekwisha kujificha. Hakununa. Alirudi kazini mwake kwa uchangamfu, akiamini kwamba Mungu hakutaka ale siku hiyo.

Sisi tuna kufunga, tena tuna saumu tuliyoipata kwa Waarabu. Kisanskriti kina upavasa, neno ambalo maana yake ya asili ni kukaa karibu. Letu linatazama kinywa kinachofungwa, ilhali lao linamtazama Yule anayekaribiwa. Mhindu hufunga ili kutimiza nadhiri, kutubu, na kuzitawala hisi ili moyo utulie mbele ya Mungu.

Gandhi aliirithi saumu hiyo, kisha akaitoa nje ya nyumba. Mwaka 1913, wawili wa jumuiya yake ya Phoenix, karibu na Durban, walipopotoka kimaadili, alifunga siku saba kwa kuwa alijiona mlezi aliyeshiriki kosa lao. Hapo bado tu karibu na Putlibai. Mwaka 1918 mambo yaligeuka. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya asilimia 35, na walikwisha kulegea. Gandhi alifunga ili kuwatia nguvu. Lakini wenye viwanda walikuwa rafiki zake, na baada ya siku tatu walikubali usuluhishi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba saumu ile ilikuwa na kasoro, maana iliwashurutisha.

Kasoro hiyo ilirudi kwa kishindo mwezi wa Septemba 1932. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa watu wa matabaka yaliyohesabiwa najisi uchaguzi wa peke yao. Gandhi, akiwa katika gereza la Yerwada, aliona kwamba jambo hilo lingewatenga daima na Wahindu wenzao, akaanza kufunga akiwa tayari kufa. Kiongozi wao, B. R. Ambedkar, akajikuta ameshikilia uhai wa Gandhi mkononi. Lau Gandhi angekufa, ghadhabu ingewaangukia wanyonge haohao vijijini. Tarehe 24 Ambedkar alitia sahihi Mapatano ya Poona: viti vyao vikaongezeka sana, uchaguzi wa peke yao ukafutwa. Miaka mingi baadaye alikuwa angali akiilaumu saumu ile. Wako wanaoisifu kwa sababu mahekalu kadhaa yaliwafungulia milango waliotengwa. Mimi nasita. Putlibai alilingoja jua, hakulilazimisha litoke.

Ya mwisho aliianza Delhi tarehe 13 Januari 1948, akiwa na umri wa miaka 78. India ilikuwa imegawanyika, na Waislamu wa mji huo walikuwa wakiuawa na kufukuzwa makwao. Safari hii aliwafungia watu wake mwenyewe, wenye nguvu, kwa ajili ya wachache. Tarehe 18 viongozi wa Wahindu, Waislamu na Masingasinga waliahidi kwamba Waislamu wangeishi kwa amani, naye akanywa maji ya machungwa. Siku kumi na mbili baadaye, akielekea kwenye sala ya jioni, alipigwa risasi na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake.