Wilhelm von Humboldt: mume, baba, na mkono uliotetemeka

Tukisikia ugonjwa wa Parkinson, wengi wetu tunamkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili: mkono uliotetemeka, uso uliokakamaa, sauti iliyozidi kufifia hadi alipofariki mwezi wa Aprili 2005. Yeye alikuwa Baba Mtakatifu. Lakini wengi wanaougua maradhi haya katika parokia zetu ni wazee wenye familia, na maswali yao ni ya nyumbani. Nani atanifunga vifungo vya shati? Nitamwandikiaje binti yangu aliye mbali? Nitafanya nini na jioni hizi ndefu, na mwenzangu ameshatangulia? Kwa ajili yao nimeona inafaa kumkumbuka Mjerumani mmoja aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita.

Wilhelm von Humboldt alizaliwa Potsdam tarehe 22 Juni 1767. Wanafalsafa wetu seminarini huenda wanalijua jina lake kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810 na ambacho yeye alikuwa mwasisi wake. Waliopenda jiografia shuleni wanamjua zaidi mdogo wake Alexander, yule msafiri na mwanasayansi. Niseme mapema kwamba Wilhelm hakuwa Mkatoliki, wala simweki mbele ya msomaji kama mtakatifu.

Mwaka 1791 alimwoa Caroline von Dacheröden, mwanamke msomi aliyekuwa akisoma naye vitabu vya Kigiriki. Walizaa watoto wanane. Kazi za serikali ya Prussia ziliwatenganisha mara nyingi, yeye akiwa Vienna au London, mke akiwa kwingine na watoto, nao wakaandikiana. Barua zao, zilipokuja kuchapishwa, zilijaza majuzuu saba. Wapo wanaokaa nyumba moja miaka 30 bila kuambiana nusu ya hayo! Kweli, kila mmoja alimwachia mwenzake uhuru mpana kuliko ambao padre yeyote angeshauri katika mafundisho ya ndoa, lakini hawakuacha kuelezana yaliyokuwa moyoni.

Kuanzia 1802 hadi 1808 Humboldt alikuwa Roma, mwakilishi wa Prussia mbele ya Kiti Kitakatifu. Miaka hiyo waliipenda sana. Ndiyo pia iliyowaumiza. Mwaka 1803 mtoto wao Wilhelm, mwenye umri wa miaka tisa, alikufa kwa homa. Mwaka uliofuata wakampoteza Louise, mtoto mchanga, na mwaka 1807 Gustav, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka miwili. Wavulana hao wawili wamezikwa Roma, katika makaburi ya wasio Wakatoliki karibu na piramidi ya Cestius. Baba yao aliendelea kuwalilia kwa miaka mingi.

Alipoachana na serikali mwishoni mwa mwaka 1819, alirudi kwenye nyumba ya familia Tegel, karibu na Berlin, akajitoa kwa masomo ya lugha. Caroline aliugua muda mrefu, akafariki tarehe 26 Machi 1829.

Dalili za kwanza za ugonjwa wa mume zilikuwa zimeanza kuonekana kabla ya hapo, lakini baada ya msiba huo zilikwenda mbio. Tunazijua vizuri kwa sababu aliziandika mwenyewe, hasa katika barua kwa mwanamke mmoja aliyefahamiana naye ujanani na ambaye alimsaidia kwa miaka mingi. Ilimbidi amweleze kwa nini mwandiko wake umebadilika. Mikono ilitetemeka, tena zaidi ilipokuwa imetulia bila kazi. Mgongo uliinama. Herufi zilianza zikiwa kubwa, kisha zikapungua mstari kwa mstari hadi zikawa kama wadudu wadogo. Jambo lililomsumbua kuliko kutetemeka lilikuwa lile aliloliona kama kukosa ustadi: nguvu ipo, nia ipo, ila kazi ndogo za vidole, kama kuandika au kufunga nguo, zinakataa. Wanaomhudumia mgonjwa nyumbani watalitambua mara moja. Mara nyingi tunamwambia mzee aharakishe, tukidhani ni uvivu.

Humboldt alidhani ni uzee uliokuja mapema, ukaharakishwa na huzuni. Daktari James Parkinson wa London alikuwa amekwisha kuandika juu ya maradhi haya mwaka 1817, akieleza wagonjwa sita, lakini kijitabu chake kilisomwa na wachache. Jina la Parkinson lilikuja kuzoeleka miaka mingi baadaye, na dawa ya kweli ya kupunguza dalili haikupatikana hadi miaka ya 1960. Humboldt alijaribu maji moto ya Gastein, halafu kuoga baharini katika kisiwa cha Norderney.

Tiba yake bora aliigundua mwenyewe mezani. Alianza kuandika kwenye karatasi yenye mistari, akaacha mwandiko wa Kijerumani wa kuunganisha, akachora herufi za Kilatini moja moja, kila moja kwa uangalifu. Hivyo maandishi yake yakaendelea kusomeka. Wataalamu wa siku hizi nao huwapa wagonjwa wa Parkinson karatasi yenye mistari. Mkono uliposhindwa kabisa, aliwasomea wengine waandike. Kitabu chake kikubwa juu ya lugha ya Kawi ya kisiwa cha Java, kinacholinganisha lugha kuanzia Madagaska hadi visiwa vya Pasifiki, kilitungwa katika hali hiyo. Kilitoka baada ya kifo chake, 1836 hadi 1839, kwa msaada wa Buschmann, mwandishi wake msaidizi. Na jioni, kazi ya mchana ikiisha, alikuwa na desturi ya kutunga shairi moja fupi la mistari 14 na kumsomea karani. Mashairi hayo yalipita 1,000, na baadhi yanamhusu Caroline.

Hakuishi peke yake. Binti mkubwa, aliyeitwa Caroline kama mama yake na ambaye hakuolewa, alikaa naye Tegel. Lakini mahali alipokwenda mara kwa mara ni mwisho wa bustani. Hapo alikuwa amemjengea mkewe kaburi lenye nguzo ndefu, na juu ya nguzo akaweka sanamu ya Matumaini, iliyobuniwa na mchongaji Thorvaldsen, rafiki wa familia tangu enzi za Roma. Kwa hatua fupi za kuburura, mwili umeinama mbele, njia ile haikuwa fupi kwake. Tarehe 23 Februari 1835, siku ya kuzaliwa kwa Caroline, alikwenda tena, katika baridi ya Ulaya ya mwezi huo, akarudi na mafua yaliyomlaza kitandani. Alexander alikuja kukaa karibu naye siku za mwisho. Wilhelm alifariki jioni ya tarehe 8 Aprili 1835, akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa kando ya mkewe, chini ya ile sanamu. Mwaka 1859 Alexander naye aliletwa hapo.