Stanley Matthews: winga aliyeshinda kura, akashindwa kwa mabao

UBISHI wa nani alikuwa na msimu bora, usiokauka majukwaani Sokoine jijini Mbeya wala Samora mjini Iringa, ulimfuata Sir Stanley Matthews maisha yake yote.

Mwana huyo wa kinyozi aliyekuwa pia bondia alizaliwa Hanley, Uingereza, Februari 1, 1915. Alianzia Stoke City, akahamia Blackpool mwaka 1947.

Desemba 1956 jarida la France Football liliwapigisha kura waandishi 16 wa Ulaya. Matthews, mwenye miaka 41, alipata pointi 47. Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid, 44. Kwa takwimu peke yake, tuzo ingekwenda Madrid. Di Stéfano alikuwa ametwaa Kombe la Ulaya na kufunga mabao 24 ya ligi msimu ule, ilhali Matthews alifunga 17 tu katika mechi 379 za ligi akiwa Blackpool. Kazi yake ilikuwa kumhadaa beki na kumimina krosi, na pasi za mabao hazikuwa zikihesabiwa rasmi enzi hizo.

Mashabiki nao walipiga kura yao, kwa tiketi. Aliporejea Stoke Oktoba 1961, watazamaji waliongezeka kutoka 8,409 hadi 35,974. Mwaka 1963 timu ilipanda daraja, naye akatwaa tena tuzo ya waandishi wa Uingereza, miaka 15 baada ya ile ya kwanza.

Aliaga ligi Februari 6, 1965, akiwa ametimiza miaka 50. Alifundisha vijana katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kufariki dunia Februari 23, 2000.